Nina mtoto wa miaka mitatu na wa miezi saba, podikasti yangu imekwama kipindi cha nne. Mliowahi mlifanyaje?

MamaMichembe (Mwanza)

Habarini za jioni wapendwa. Naomba mawazo ya waliopita njia hii maana nimefika mahali sielewi kama ni mimi sijajipanga au ni kitu chenyewe hakiwezekani ukiwa na watoto wadogo.

Nina wawili, wa kwanza ana miaka mitatu, mdogo ana miezi saba. Nikiwa likizo ya uzazi, zile siku 84, nikaanzisha podikasti ya vyakula vya bibi zetu huku usukumani. Naongelea michembe na matobolwa, kwamba michembe viazi vinakatwa vibichi ndo vinaanikwa ila matobolwa vinachemshwa kwanza, nsansa, zile mboga za majani za kukausha, zinakaushwaje, bibi alikuwa anahifadhi wapi mpaka mwaka wa njaa unapita. Bibi yangu yuko Magu, ana miaka themanini na kitu, kwahiyo kwangu siyo kitu cha kupitishia muda, kuna mambo anayajua yeye na siku akiondoka anaondoka nayo.

Vipindi vitatu vya kwanza vilitoka vizuri maana mdogo alikuwa analala karibu siku nzima. Likizo ikaisha nikarudi kazini, cha nne sasa ni wiki ya tano sijakimaliza. Narekodi saa tano usiku wote wakishalala, madirisha nimefunga, feni nimezima, jasho linatiririka, simu nimeiegemeza kwenye kopo la maziwa. Juzi nimefika dakika ya kumi na moja, pale naelezea walivyokuwa wanaanika juu ya mawe makubwa yale ya huku kwetu, mdogo akaamka analia, na mnaonyonyesha mnajua, mtoto akilia maziwa yanashuka yenyewe, gauni limelowa, nikaacha. Nimerudi saa saba usiku nikamalizia. Asubuhi nasikiliza, nusu ya kwanza ni mimi, nusu ya pili ni mtu mwingine kabisa, sauti iko chini, imechoka. Nikafuta yote. Usiku uliofuata nikaanza upya ikanyesha mvua na nyumba yetu ni bati bila dari.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Niliwaahidi watu kipindi kila Jumatatu. Sasa ikifika Jumapili nakuwa mkali nyumbani, watoto wakicheka tu nasema nyamazeni. Jumapili iliyopita mkubwa akanishika mkono akaniambia "mama usirekodi". Nililia kwakweli.

Maswali yangu: mnarekodi saa ngapi? Kelele mnafanyaje? Ninunue maiki au simu inatosha? Na sauti za watoto zikisikika ni kosa? Mume wangu ananisapoti ila kazi yake ni ya shifti hatabiriki.

BintiPangani (Tanga)

Pole sana mdogo wangu, na hongera kwa vipindi vitatu. Mi nina watatu, nilianza podikasti ya mambo ya ushonaji mkubwa akiwa na miaka minne, wa kati miwili, na wa mwisho nilimzaa katikati ya safari, kwahiyo ulichoandika nimekipitia chote mpaka hiyo ya gauni kulowa.

Nianze na hiyo Jumatatu. Ifute leo leo. Yaani kabla ya maiki, kabla ya chochote, waandikie wasikilizaji wako kwamba umepumzika na utarudi na msimu mzima. Mi nilishikilia Alhamisi miezi sita, na kila Alhamisi nilikuwa nadaiwa na watu ambao wala hawakuwa wananidai. Siku nilipoacha hakuna aliyelalamika, mama mmoja tu aliniuliza kama niko salama. Sasa hivi natoa msimu wa vipindi nane, navirekodi VYOTE kabla ya kutoa hata kimoja, vikiisha napumzika miezi mitatu. Mtoto akiugua katikati ya msimu hakuna kinachoharibika maana vipindi viko kwenye akiba, natoa tu kimoja kimoja.

Pili ni urefu. Vipindi vyako ni dakika ngapi? Kama umefika dakika ya kumi na moja na bado uko katikati basi ni virefu. Mtoto wa miezi saba usingizi wake wa mchana unaweza kuwa nusu saa au saa na nusu, huwezi jua, na ukishaujua tu unabadilika. Wangu wote kwenye mwaka na miezi kadhaa hivi waliacha kulala mara mbili mchana wakawa wanalala mara moja, ratiba yote niliyojenga ikaanguka. Kwahiyo usijenge kipindi kinachohitaji saa nzima ya ukimya. Jenga kinachohitaji dakika ishirini. Mi vyangu ni dakika 12 mpaka 15, na kila kimoja nimekigawa vipande vitatu, kila kipande dakika nne tano kinasimama chenyewe. Nikipata dakika kumi narekodi kipande kimoja, naenda zangu. Kesho kingine.

Na hiyo sauti ya nusu ya pili kuwa ya mtu mwingine ina dawa. Kabla ya kuendelea vaa iafoni, sikiliza dakika ya mwisho uliyorekodi, halafu rudia kwa mdomo zile sentensi mbili za mwisho kama ulivyozisema mwanzo, mpaka kasi na sauti vifanane, ndo unaendelea na mpya. Zile mbili za marudio unazikata. Ila saa saba usiku usirekodi dada, hata ukifananisha vipi uchovu unasikika, na kesho yake watoto ndo wanaulipia.

Tatu, na hii ndo nilichelewa sana kuielewa, kurekodi ni sehemu ndogo kuliko zote. Kinachokula muda ni kuwaza utasema nini na kuhariri baadae. Mi dakika ishirini za kurekodi zilikuwa zinanila saa tatu za kuhariri kwasababu nilikuwa naanza kuongea bila kujua naelekea wapi. Sasa hivi kuwaza nafanyia kwenye kazi za mikono. Nikiwa naosha vyombo au nanyonyesha najirekodia voisi fupi kwenye grupu la WhatsApp ambalo niko peke yangu, "kumbuka kisa cha fundi aliyekosea kipimo cha bega", basi. Wiki ikiisha nazisikiliza naandika mistari saba nane kwenye daftari. Nikikaa kurekodi maneno yameshaiva, nakosea kidogo, na kuhariri kumeshuka mpaka dakika arobaini.

Kuhusu muda, mi ni saa kumi na moja alfajiri siku mbili tu kwa wiki, na siku hizo nalala saa tatu usiku na watoto, vyombo vilale vichafu. Nyingine ni Jumamosi saa tatu mpaka saa tano asubuhi, baba yao anatoka nao wote, wanaenda gengeni, wanaenda kinyozi, popote, ila nyumba inabaki tupu. Haya masaa mawili tumeyaandika ukutani. Tulivyokuwa tunaongea kwa mdomo tu, "ukipata nafasi utawashika", nafasi haikuwahi kupatikana. Na kama una dada wa kazi ukamwomba abaki nao nje ya muda wake, mlipe hayo masaa. Niliona wangu anachoka kwa ajili ya kitu changu, nikaona siyo haki.

Hilo la "mama usirekodi" nimelisoma mara mbili. Wangu wa kati aliniambia kitu kama hicho. Nilichofanya, kabla ya kurekodi nakaa naye dakika kumi kamili simu iko mbali, tunacheza anachotaka yeye, halafu namwambia sasa mama anaongea, mshale mrefu ukifika hapa namaliza, namwonyesha saa ya ukutani. Na ukifika namaliza kweli hata kama sentensi haijaisha. Wiki ya tatu akawa ananiamini. Siku ukivunja mara moja tu unaanza upya.

FundiSauti_Kino (Dar)

Dada salaam. Nafanya kazi ya sauti, harusi, matangazo, na podikasti za watu, na nina mtoto wa miaka miwili kwahiyo kelele nazijua pande zote mbili. Nakupa ya kiufundi tu maana BintiPangani kamaliza mengine.

Simu inatosha. Pesa ya kwanza usiipeleke kwenye maiki, ipeleke kwenye chumba, na chumba chako ni bure. Fungua kabati la nguo, simama uso ukiangalia nguo, nyuma yako ning'iniza blanketi zito au godoro dogo la mtoto. Sauti inayorudi kutoka ukutani ndo inafanya podikasti isikike kama uko chooni, na nguo zinaimeza. Kwa hiyo bati, blanketi halitakusaidia mvua ikinyesha, siku ya mvua usirekodi, fanya kuhariri.

Ukija kununua, nunua maiki ndogo ya kubana kwenye kola yenye waya, inachomekwa kwenye simu, ni bei rahisi kuliko za mezani na kwa mtu mwenye kelele ni nzuri zaidi kwasababu inakaa karibu na mdomo. Iwe kama shubiri moja chini ya kidevu. Maiki kubwa za studio zinazoonekana kwenye video usizitamani, zile zinasikia mpaka jirani anavyokoroga uji.

Mambo madogo ninayoona watu wanakosea:

Weka simu flaiti modi. Simu nyingi ukipigiwa rekodi inakatika.

Friji. Ule mngurumo hausikii kwa sikio maana umeuzoea ila kwenye rekodi upo. Lizime, na ukilizima funguo zako za mlango ziweke NDANI ya friji. Huwezi kutoka nyumbani bila kukumbuka kuliwasha.

Kabla ya kuongea rekodi nusu dakika ya ukimya wa chumba, usihame, usiguse kitu. Ukimya huo utakusaidia mara mbili. Ukikata kikohozi au mtoto aliyelia unapachika kipande cha ukimya huo badala ya kuacha shimo, na kwenye Audacity, ambayo ni bure, unachagua hapo kwenye ukimya unaiambia hii ndo kelele, halafu unachagua rekodi yote inapunguza. Punguza kidogo tu, ukizidisha unasikika kama uko ndani ya maji.

Mtoto akiingia katikati USIZIME rekodi. Mhudumie, ukirudi piga makofi mawili karibu na maiki, hesabu mpaka tatu, anza ile sentensi tangu mwanzo. Kwenye mchoro wa sauti utaona miiba miwili mirefu, unajua hapa pa kukata. Hii peke yake itakupunguzia nusu ya kuhariri kwako.

Mwisho faili. Wewe unaongea peke yako hakuna muziki, kwahiyo toa mono, yaani njia moja tu ya sauti, MP3 ya 64 kbps. Hiyo ni kama nusu MB kwa dakika, kipindi cha dakika 15 kinakuwa MB 7 na kidogo. Wengi wanatoa 128 kwa sauti ya mtu mmoja, kinakuwa MB 14 na zaidi, na msikilizaji wako wa Magu analipia bando bure. Yangu mwenyewe nawatumia watu kwenye WhatsApp hiyo hiyo ndogo, wanasikiliza wote.

Ah na hili, wewe unaongelea vyakula, habari na siasa haumo, ila zile kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilifutwa zikaja mpya za 2020, nazo zikarekebishwa 2022, na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wana ofisi ya kanda hapo hapo Mwanza. Siku ukipita mjini ingia uulize kundi lako ni lipi, ujue mapema kabla haijakua.

MamaMichembe

Jamani Mungu awabariki. FundiSauti hiyo ya friji imenichoma. Wiki mbili zilizopita nilizima friji nikarekodi nikalala. Asubuhi maziwa niliyokamua ya siku mbili ya mtoto yote yalikuwa yameharibika, nikamwaga kwenye sinki huku natakiwa niwe kazini saa moja na nusu. Funguo zitaingia kwenye friji kuanzia leo.

BintiPangani dada yangu, vipindi vyangu ni dakika 40. Naona sasa.

BabaPacha_001 (Mombasa)

Habari zenu nyote. Mimi ni baba, pacha wangu wana miaka miwili na miezi minne, mke wangu anafanya kazi hospitali usiku, kwa hivyo jioni niko nao peke yangu na ndio wakati nilikuwa narekodi. Podikasti yetu ni ya mpira wa mitaani, mimi na rafiki yangu mmoja.

Nataka kusema kosa langu ili mwingine asilirudie. Nilikuwa nawapa tableti yenye katuni ndio nipate ukimya. Mwanzo dakika ishirini. Baadaye ikawa saa, baadaye saa mbili kwa sababu rafiki yangu naye anachelewa kuingia laini. Baada ya miezi miwili kuiondoa ile tableti ilikuwa vita, wanalia mpaka wanatapika, na usiku hawalali. Mke wangu akanionyesha muongozo wa WHO wa 2019, wanasema mtoto wa chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili mpaka minne isizidi saa moja kwa siku na ikipungua ni bora zaidi. Nilihisi vibaya kwa sababu mimi nilikuwa najiona nimepata suluhisho.

Tulichofanya ni kubadilisha podikasti, si watoto. Rafiki yangu sasa anarekodi upande wake peke yake, ananitumia, mimi nasikiliza nikiwa kwa matatu, halafu najibu upande wangu saa kumi na mbili asubuhi kabla hawajaamka. Si mazungumzo ya moja kwa moja tena, ni kama barua za sauti. Niliogopa watu wataona imepoa. Wameipenda zaidi, kwa sababu kila mtu anamaliza wazo lake bila kukatwa. Na stima ikipotea kwake, kwangu kazi inaendelea.

Dada wa Mwanza, bibi yako wa Magu anaweza kuwa hivyo pia. Si lazima uwe naye wakati huo huo. Mtu aliye karibu naye arekodi kwa simu, wewe uongeze maneno yako.

MieMwenzenu (Maskati)

Assalaam aleikum. Mie ni Mzanzibari niko Maskati, wanangu wamezaliwa huku, Kiswahili chao kilikuwa kinakatika, Kiarabu skuli, Kiingereza skuli, Kiswahili kwa mama tu. Ndo nikaanza podikasti ya hadithi na vitendawili, na wao wamo ndani.

Hili suala la sauti za watoto lina pande mbili, nami nimefika pote. Mwanzo wao ndo walikuwa raha ya kipindi. Nasema "Kitendawili!" wao "Tega!", natega wanajibu, wasikilizaji wanawapenda mno. Halafu siku moja tuko dukani mama simjui akamwita mwanangu jina lake na akamuuliza jino limeshang'oka. Alikuwa mwema tu masikini, ila mie moyo ulinidunda. Mtu nisiyemjua anajua jina la mwanangu, umri wake, na jino lake.

Kuanzia siku ile nimeweka mpaka. Jina lao kwenye podikasti si jina lao. Skuli haitajwi, mtaa hautajwi, maradhi hayatajwi kabisa, wala mambo ya kukojoa kitandani au kulia, hata yakichekesha. Najiuliza akiwa na miaka kumi na tano na wenzake wakikisikia kipindi hichi atajisikiaje. Na mkubwa, ana miaka sita sasa, nampigia asikie kabla sijatoa. Akisema mama toa hapo natoa. Ameshanitolea mara mbili, na zote mbili nilikuwa naona ndo pazuri kuliko pote.

Kwahivyo bibie, mtoto akisikika analia kwa mbali si kosa hata kidogo, wasikilizaji wako wengi nao wanao. Lakini jina na habari zake muwekee mwenyewe.

FundiSauti_Kino

Naunga mkono dada wa Maskati. Na kwa huku kwetu kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023. Ila hata bila sheria, podikasti ikishatoka inapakuliwa, huwezi kuirudisha.

MamaTatu_Ir (Iringa)

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu.

Naandika kama mtu aliyeacha. Nilikuwa na podikasti ya masimulizi ya wazee wa huku kwetu, nikapata mtoto wa tatu, nikajitahidi miezi minne na mtoto mgongoni, halafu nikasimama miaka miwili. Sijutii kusimama. Watu wanaongea kama vile ukiacha umeshindwa, mi naona mtoto yule alihitaji mama na podikasti ilikuwa inaweza kukaa.

Ila kuna kitu kimoja ninachojutia na ndo kimenifanya niingie hapa kuandika. Kwenye kusimama niliacha kila kitu. Kulikuwa na mzee mmoja, babu wa jirani, alikuwa ameniahidi kunisimulia walivyokuwa wanatembea kwa miguu kwenda kwenye mashamba ya chai kutafuta kazi, walilala wapi, walikula nini njiani. Nikamwambia babu subiri kidogo mtoto akue. Babu alifariki mtoto ana miezi kumi. Nilienda msibani na mtoto yule yule mgongoni.

Dada MamaMichembe, nimesoma swali lako nikaona umeandika bibi ana miaka themanini na kitu, halafu maswali yote uliyouliza ni ya maiki na ratiba na Jumatatu. Tenganisha vitu viwili. Kutoa podikasti kunaweza kusubiri mwaka, hata miwili, wasikilizaji watakuwepo. Kumrekodi bibi hakuwezi. Hiyo wala haihitaji ukimya, haihitaji kabati la nguo, haihitaji watoto walale. Nenda nao Magu. Weka simu karibu na bibi, flaiti modi, acha aongee huku anafanya kazi yake. Ukirudi nakili faili sehemu zaidi ya moja halafu ukae hata miezi sita bila kulifungua. Litakuwepo.

Samahani kama nimeongea kwa ukali.

BintiPangani

Hujaongea kwa ukali hata kidogo. Mi nilimjibu marefu yote yale na hilo sikuliona. Pole kwa babu.

MamaMichembe

Nimerudi, zimepita wiki tatu, samahanini kwa kimya, nilitaka nirudi na kitu mkononi.

MamaTatu ulivyoandika sikujibu kwasababu nilishindwa. Nilimwonyesha mume wangu tu, akasema Jumamosi hii sina shifti, twende. Tumeenda wote wanne. Watu wa Jumatatu nilishawaandikia kwamba nimepumzika, nimepata jumbe sita, zote za kuniombea heri.

Bibi alikuwa na viazi kwenye ungo, anakata michembe. Nikambana ile maiki ya kola kwenye kanga (nilinunua FundiSauti, asante), simu nikaiweka kwenye kigoda pembeni yake. Mdogo akaanza kulia na mi kwa mazoea nikanyoosha mkono nizime. Bibi akanizuia. Akamchukua akamfunga mgongoni, akaendelea kukata na kusimulia huku anajisukuma kidogo mbele na nyuma, mtoto akalala hapo hapo. Kwenye rekodi unasikia kisu kinagonga kwenye ungo, tak, tak, na sauti ya bibi inapanda na kushuka kwa ule mwendo wa kubembeleza. Saa moja na dakika hamsini. Jogoo yumo, trekta limo, mume wangu anauliza maji ya kunywa yako wapi yumo.

Na mkubwa, huyu aliyeniambia nisirekodi, alikaa chini miguuni kwa bibi muda wote. Kuna mahali akauliza, "bibi mbona hiki umekitupa?" Bibi akasema hiki kina kidoa cheusi, ukikianika na wenzake kinawaozesha wote, halafu akaeleza kwa kirefu, dakika karibu saba, jinsi mama yake alivyokuwa anavishika kiazi kimoja kimoja gizani kwa kidole kutafuta kidoa, na mwaka mmoja ambao hawakuchagua vizuri ghala zima likaharibika na wakaishi kwa majani mpaka mvua. Mi hiyo habari sikuwahi kuisikia. Nimekula michembe ya bibi maisha yangu yote na sikuwahi kuuliza kwa nini vingine anatupa.

Faili liko kwenye simu, kwenye laptopu ya mume wangu, na kwenye flashi kwa dada yangu kule Nyegezi. Sijaligusa. Mwezi ujao tunarudi, bibi amesema nsansa zitakuwa tayari.

FundiSauti swali moja tu, jogoo naweza kumtoa?

FundiSauti_Kino

Kumtoa naweza kukuelekeza ila mwache. Nitumie dakika mbili za mwanzo nisikie kama sauti ya bibi iko juu vya kutosha. Na mara ya pili maiki ipeleke upande wa bega ambao hakuna fundo la kanga, lile fundo linasugua.

MamaMichembe

Nimekutumia inboksi. Bega la kushoto basi, la kulia ndo anafungia mtoto.